AC ya gari inanuka kama nguo zilizovundia ndooni, nimejaza gesi mara mbili lakini wapi

Dereva Mchovu:

Wakuu habari za sa hizi, naombeni msaada maana akili yangu imefika mwisho. Gari yangu nikiwasha AC asubuhi, zile dakika mbili tatu za kwanza inatoa harufu moja mbaya sana, sijui niielezeeje, ni kama nguo ulizoloweka kwenye ndoo ukazisahau siku tatu, au soksi za mtu aliyecheza mpira kwenye mvua alafu akazifungia kwenye begi. Baada ya hapo inapungua, au labda pua ndo inazoea sijui, ila abiria akiingia njiani lazima ashushe kioo, na hakuna kitu kinakuvua nguo kama mtu anaingia kwenye gari yako, anasalimia vizuri, af anashusha kioo taratibu bila kusema neno.

Nimeshahangaika sana. Nilianza na zile pafyumu za kuning'iniza, nikaweka moja, nikaongeza ya pili, sasa gari ikawa inanuka uvundo uliopakwa marashi, mbaya kuliko mwanzo. Nikaenda kwa fundi, akaniambia gesi imeisha ndo maana inanuka, tukajaza, ubaridi ukaongezeka kweli nikafurahi, kesho yake asubuhi harufu hii hapa. Nikarudi, akasema labda ile gesi ilikuwa feki, tukajaza tena. Sa hizi gari ina baridi kama friji na inanuka kama friji iliyokosa umeme wiki nzima.

Kitu kingine sijui kama kinahusiana, siku hizi kapeti ya mbele upande wa abiria nikiigusa naona ina unyevu, nilidhani mtoto kamwaga maji. Alafu zamani nikipaki baada ya kutumia AC nilikuwa naona maji yanadondoka chini ya gari, ni muda sasa siyaoni, nikajua ndo vizuri, imeacha kuvuja.

Sasa je ni kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi? Maana fundi ameanza kuongelea kufungua dashibodi yote na mi sitaki, dashibodi ikishafunguliwa hairudi kuwa vile, inaanza kulia kwa kila tuta.

Spana 17:

Mkuu pole. Umejijibu mwenyewe kwenye ile aya ya tatu ila hujajua kama umejijibu.

Ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo maana ukielewa hii hakuna fundi atakuzungusha tena. Ndani ya dashibodi kuna kitu kinaitwa evapareta, kiko kama rejeta ndogo ya aluminiamu yenye mapezi membamba membamba. Gesi inapita ndani yake ikiwa ya baridi sana, feni inasukuma hewa ipite katikati ya hayo mapezi, hewa inapoa, inakuja usoni kwako. Sasa hewa yoyote ina unyevu, ikigusa kile chuma cha baridi unyevu unageuka maji, ni kama vile glasi ya maji ya baridi inavyotoka jasho nje. Hayo maji yanachuruzika kwenye kisanduku chake na kutoka nje kwa kimpira kidogo kinachotokezea chini ya gari. Kwaiyo yale maji uliyokuwa unayaona zamani yakidondoka ndo ulikuwa uzima. Kuacha kwake ndo ugonjwa.

Kimpira kimeziba. Maji hayana pa kwenda, yanajaa kwenye kisanduku, yakizidi yanamwagikia kapeti ya abiria, na yaliyobaki yanakaa mle gizani pamoja na vumbi, vinyweleo na chavua za maua, na kuvu na bakteria wanataka nini zaidi ya giza, maji na uchafu? Asubuhi ukiwasha feni, unapulizwa harufu yote iliyolala humo usiku kucha. Ikishapita dakika chache inapungua kwasababu evapareta imepoa na imelowa upya, sio kwamba imepona.

Kuhusu gesi. Gesi ya AC, iwe R134a au hii R1234yf ya magari mapya, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani kabisa na hewa unayovuta. Kujaza gesi ili kuondoa harufu ni sawa na kubadili tairi kwasababu honi hailii. Na gesi haiishi kama petroli, ikipungua ujue kuna mahali inavuja, fundi anayejaza bila kutafuta inapovujia anakuandaa urudi. Tena wewe umeongeza ubaridi maana yake umeongeza na maji, harufu itakuwa ilizidi, bisha.

Swali kwako, hiyo mara ya pili alipima kwa uzito au alijaza kwa kukadiria? Gari dogo mara nyingi linachukua kati ya gramu 400 na 700 hivi, namba kamili ipo kwenye stika chini ya boneti. Ikizidi presha inapanda, na hapo ndo utakuja kuua kompresa kweli.

Anza hivi: lala chini ya gari au angalia kwenye ule ukuta kati ya injini na ndani, upande iliko kapeti iliyolowa, utaona kimpira kifupi kama kidole kimeelekea chini. Kiminye minye, mara nyingi tope linatoka lenyewe. Ikigoma ingiza kitu laini cha plastiki, ule mkanda wa kufungia nyaya unafaa, taratibu. TARATIBU. Usiingize waya wa chuma ukasukuma kwa hasira maana evapareta iko juu yake hapo hapo, ukiitoboa ndo dashibodi itafunguliwa kweli. Weka beseni kabla hujaanza, na usiache mdomo wazi kwa chini, mi yalinikuta.

mama_usukani:

Yote aliyosema kaka Spana ni sawa ila kaacha filta, na mimi kwangu filta ndo ilikuwa nusu ya tatizo.

Ndugu mwulizaji, je gari yako unajua ina filta ya AC? Sio ile ya injini, hii ya hewa ya ndani. Magari mengi inakaa nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria, unakibana pembeni kinashuka chote, unaona kifuniko cha plastiki, unakivuta na filta inatoka. Kazi ya dakika tano bila hata bisibisi. Mimi nimeendesha gari miaka minne sijui hata kama ipo, na kila sevisi nilikuwa naandikiwa kwenye karatasi kwamba filta ya AC imebadilishwa na nalipa. Siku nilipoifungua mwenyewe nikakuta kitu cheusi kama zulia la mlangoni, juu yake majani makavu, mbegu, na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa sponji ya siti yangu mwenyewe. Panya mwenyewe alikuwa ameshahama namshukuru Mungu. Nilikaa pale kwenye kiti nikawaza miaka yote nilivyokuwa nafunga vioo ili watoto wasivute moshi wa barabarani.

Kwaiyo fungua uangalie. Kuna mawili, ama utaikuta imeoza au utakuta hamna kitu kabisa, nafasi ipo filta haipo, nayo inatokea sana kwenye magari yaliyonunuliwa mkononi. Ukinunua mpya tafuta ile yenye mkaa, ina rangi ya kijivu au nyeusi, inanyonya na harufu kidogo, ile nyeupe inazuia vumbi tu. Angalia mshale ubavuni, unaonyesha hewa inapoelekea, usiiweke kinyume. Wengi wanasema ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, ila kama njia zako ni za vumbi usisubiri huko, ifungue uione kwa macho.

Alafu pandisha boneti, pale chini ya kioo cha mbele kwenye mashina ya waipa kuna nyavu ya plastiki, hewa ya nje inaingilia hapo. Toa majani yote. Majani yakioza hapo harufu yake huwezi kuitofautisha na hii unayoielezea.

Kimya Kimya:

mnamzungusha mwenzenu bure. chukua jiki weka kwenye chupa ya kupulizia, washa feni mwisho, puliza pale hewa inapoingilia chini ya kioo, changanya na siki kidogo iue wadudu wote, mi nilifanya mara moja harufu ikakata siku hiyo hiyo

Spana 17:

Kimya Kimya ndugu yangu HAPANA. Watu wanasoma hapa wataenda kufanya. Jiki na siki zikikutana zinatoa gesi ya klorini, hiyo ni sumu, inachoma macho na mapafu, na wewe unaipuliza kwenye feni inayoelekea usoni kwako ndani ya chumba kidogo chenye vioo vinne. Hata jiki peke yake inakula aluminiamu, evapareta ikianza kuliwa itatoboka na gesi yote itaondoka. Ilikata harufu, sawa, tuambie AC yako ilidumu muda gani baada ya hapo.

Kimya Kimya:

...ilianza kupoteza gesi baada ya miezi kadhaa ila sikujua kama ni hiyo

Spana 17:

Haya. Siwezi kuapa kuwa ni hiyo ila umesikia mwenyewe.

Dereva Mchovu, cha kutumia ni ile dawa ya povu iliyotengenezwa kwa ajili ya evapareta, inakuja kwenye kopo na mrija mrefu mwembamba. Zibua kimpira KWANZA, la sivyo povu litajaa na kumwagikia kapeti pamoja na uchafu wote. Zima gari, toa filta, ingiza mrija kupitia nafasi ya filta au upenyeze kwa chini kwenye hicho kimpira chenyewe, inategemea gari, kuna magari ukipitia kwenye filta unaishia kuogesha feni tu evapareta hata haijaguswa. Angalia usilowanishe soketi za umeme zilizo karibu na feni. Puliza kopo zima, acha robo saa au kama kopo linavyosema, povu linageuka maji na kuteremka na uchafu. Maji ya kwanza yatakayotoka ni ya rangi ya chai, usiyanuse. Alafu washa gari, vioo vyote wazi, AC IMEZIMWA, feni kubwa, weka kwenye joto mwisho, acha ipulize dakika kumi ikauke. Ndo unarudisha filta, tena mpya, ukirudisha ile ya zamani umefanya kazi bure maana imeshiba harufu.

Kuna yale makopo mengine ya moshi, unaliweka sakafuni mbele ya abiria, AC mwisho, hewa iwe ya kuzunguka ndani, unabonyeza unatoka na kufunga milango dakika kumi hivi. Yanasaidia kwenye mabomba ya hewa na vitambaa ila kwa evapareta iliyoota kuvu mi naona ni kama kunawa uso bila kuoga. Na ukishamaliza fungua milango yote hewa itoke kabla hujakaa ndani.

Taa Nyekundu:

Naomba niongeze kitu kwa wengine watakaosoma huu uzi maana sio kila harufu ni hii ya nguo zilizovunda, na kuna harufu zingine ukizichezea utaumia.

Kama inanuka utamutamu kama sirapu, hasa ukiwasha hita, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafutamafuta ambao ukiufuta unapaka zaidi, hiyo sio kuvu, hiyo ni kulanti, yale maji ya kupozea injini. Ndani ya dashibodi jirani na evapareta kuna rejeta nyingine ndogo ya hita, maji ya moto ya injini yanapita humo, ikitoboka inavuja ndani. Angalia kulanti kwenye tanki lake kama inapungua. Na kapeti inalowa upande ule ule wa abiria kwaiyo watu wanachanganya sana! Ndugu mwulizaji hebu gusa hayo maji ya kwenye kapeti kwa tishu nyeupe, yakiwa hayana rangi na hayatelezi ni maji ya AC, yakiwa na rangi ya kijani, pinki au bluu na yanateleza vidoleni ni kulanti. Usionje, na mtoto au mbwa asiyaguse, kulanti nyingi zina sumu na utamu wake ndo mtego wenyewe.

Harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari ukiwasha feni, shusha vioo, simama, usiendelee kuendesha. Moshi ule unabeba kaboni monoksaidi ambayo yenyewe haina harufu kabisa, unachonusa ni vitu vingine vilivyofuatana nayo. Harufu ya petroli, hivyo hivyo, zima gari na shuka. Harufu ya plastiki inayoungua, zima feni, mara nyingi ni mota ya feni au ile rezista yake inayopunguza spidi, na filta iliyoziba inaweza kuchangia kwasababu mota inafanya kazi bila hewa ya kuipoza.

Na harufu ya mzoga, hiyo haina maelezo marefu. Kuna mtu humu ndani, tafuta. Kawaida ni panya kwenye boksi la feni, na hakuna dawa ya povu itakayokusaidia mpaka marehemu atolewe.

Dereva Mchovu:

Wakuu nimerudi, ni siku ya nne leo. Nitaeleza kwa mpangilio.

Kwanza nilifanya ile ya tishu ya Taa Nyekundu, maji meupe kabisa, nikapumua. Nikalala chini ya gari, kimpira nilikitafuta nusu saa nzima maana kilikuwa kimefunikwa na tope nikadhani ni sehemu ya gari. Nikakiminya, kimya. Nikaingiza ule mkanda wa plastiki taratibu kama mlivyosema, nikasikia kitu kimelegea, wakuu yalitoka maji sijawahi kuona, nilijaza beseni nusu na bado yanakuja, meusi, na harufu yenyewe ndo ile ile ya asubuhi ila sasa haijachujwa. Jirani alitoka ndani akauliza kama nimepasua bomba la choo.

Filta, mama_usukani nakupa heshima zako, nilifungua kidroo nikakuta HAMNA. Nafasi tupu. Miaka yote hii. Na fundi wangu alishawahi kuniambia ameipuliza kwa hewa akairudisha, sasa alipuliza nini?

Nimeweka ya mkaa, nimepiga povu, nimekausha na joto, nimetoa na kapeti, chini yake ile sponji ilikuwa inakamulika kama taulo, nimeianika juani siku mbili. Leo asubuhi nimewasha AC nikasubiri kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Ule uvundo hamna. Ila kuna kiharufu kwa mbali cha dawa, na kama cha unyevunyevu, sio kibaya lakini kipo. Kitaisha au nipige kopo la pili? Na kuna mtu kaniambia niende nikawekewe mashine ya ozoni, mnaionaje?

Kuhusu gesi nimeuliza, alikadiria. Naenda kwingine wakapime.

Spana 17:

Kiharufu cha dawa kinaisha wiki. Cha unyevu naona ni hiyo sponji, siku mbili hazitoshi, irudishie ikiwa kavu hadi katikati, ibonyeze na gazeti ukanyage juu, gazeti likilowa bado. Usipige kopo la pili leo, subiri.

Ozoni acha kwa sasa. Inaua harufu kweli ila hewa yake ukiivuta ni mbaya kwa mapafu na ikitumika sana inakausha mipira ya gari, na kama maji yangekuwa bado yamejaa humo harufu ingerudi tu. Wewe umeshatoa chanzo, ya nini.

mama_usukani:

Nusu ya pili ya tatizo langu ilikuwa mazoea, maana mimi hata baada ya filta na povu harufu ilirudi baada ya miezi mitatu minne. Nilikuwa nafika nazima gari ghafla AC ikiwa mwisho, evapareta imelowa chapachapa na naifungia hivyo hivyo hadi kesho. Sasa hivi nikibakiza dakika kama tano kufika nazima kile kitufe cha AC tu, feni naiacha iendelee, na hewa naiweka ya kutoka nje. Ile swichi yenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani usiiache imewaka siku zote, wengi tunaiwasha siku tunanunua gari hatuizimi tena, unyevu na jasho letu vinazunguka humo humo. Inakuwa joto kidogo mwishoni mwa safari ila unazoea, na mimi mwaka wa pili huu sijanunua kopo.

Kuna magari mapya yanajikausha yenyewe, unashuka unafunga milango, baada ya muda unasikia feni inawaka peke yake. Mdogo wangu alikimbia siku ya kwanza alidhani gari ina jini.

Kimya Kimya:

samahani swali, hiki kimpira kwenye gari yangu kipo upande wa dereva, ni kawaida au nimeshika kitu kingine? bado sijaminya

Spana 17:

Inategemea gari, lakini piga picha uweke hapa kwanza. Usiminye kitu.